Kamba na Breki

Sina imani na fundi anayetabasamu kabla hajaiangalia kazi. Sina imani na muuza samaki anayefunika beseni lake, wala na dereva wa lori anayenipungia mkono nipite kwanza. Watu husema nimezaliwa hivyo. Si kweli. Nilizaliwa kama mtoto yeyote, nikatambaa, nikasimama, kisha polio ikanichukua miguu kabla sijajua kukimbia. Mtu anayeishi kimo cha magoti ya wenzake huona mikono yao inafanya nini wakati midomo yao inazungumza. Hiyo ndiyo shule niliyosoma, na sijawahi kuona sababu ya kuiacha.

Kazi yangu ni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Kila asubuhi nashuka kutoka nyumbani, juu kabisa Kadutu, hadi ufukweni mitumbwi inapoingia. Nanunua mabeseni yangu, kisha napanda kuuza sokoni. Asiyeijua Bukavu ajue jambo moja tu: hapa hakuna njia iliyolala. Ama inapanda, ama inashuka. Ile yangu inashuka vibaya, ina mawe, ina mfereji mrefu upande mmoja, na katikati kuna kona ambapo malori hutokea bila hata kupiga honi.

Chombo changu ni baiskeli ya magurudumu matatu, sisi tunasema trisikle. Ilichomelewa kwa mabomba na mafundi wa hapa hapa, na pedali zake ziko mbele ya kifua, unazizungusha kwa mikono. Breki yake ya zamani, wengine hapa husema freni, ilikuwa kipande cha tairi kilichofungwa kwenye mkono wa chuma. Ukiuvuta, tairi linasugua gurudumu la mbele. Mahali tambarare ilifaa. Kwenye mteremko wetu ilikuwa pambo.

Breki ya kweli ilikuwa mtu. Vilema wote wa mji huu wenye trisikle wanalijua hilo. Unakuwa na msukumaji wako. Mkipanda anasukuma, mkishuka anafunga kamba kwenye ekseli ya nyuma, anaegemea kinyumenyume na kukuzuia kwa visigino vyake. Wewe uliye mbele unaiona hatari kabla yake, kwa hiyo ni wewe unayempigia kelele.

Nilipitia wasukumaji wengi. Mmoja aliachia kamba ili ajikune. Mwingine aliachia kusalimia msichana, na mimi nikamalizia safari yangu ndani ya mfereji, na sambaza zangu juu ya kichwa. Kisha nikampata mmoja kule bandarini, mtu wa maneno machache, mwenye viatu vya soli za tairi la gari. Tulipofika kwenye kona nilipiga kelele, “Shika!” Naye akajibu, “Nimeshika!” Nikaisikia kamba inakaza, na trisikle inatulia chini yangu. Hakuwahi kuachia. Viatu vyake viliisha visigino, akavitia soli nyingine, zikaisha nazo.

Nilimchunguza muda mrefu, halafu nikaolewa naye. Ndugu zangu walisema amefuata biashara ya samaki. Dada yangu mkubwa alinivuta kando siku ya posa akaniambia, “Weye uangalie muzuri. Mutu mwenye miguu yake mbili atafuata nini kwako?” Nilimjibu kwamba nitaangalia. Nikaangalia kweli. Nilihesabu anachokula, nilisikiliza anayezungumza naye. Kitu kimoja tu sikukichunguza kamwe, nacho ni kamba. Miaka yote hiyo, nikishuka, sikugeuza shingo hata mara moja kutazama kama yupo.

Tulizaa binti mmoja, akaolewa Uvira. Ni yeye na mumewe waliotutumia moteri na betri. Fundi umeme wa mtaa wa Nguba akaweka moteri kwenye gurudumu la mbele na betri chini ya kiti, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, nilipanda Kadutu bila mkono wa mtu mgongoni. Nililia. Mume wangu alikuja nyuma polepole, mikono mfukoni, akisema, “Sasa mugongo yangu itapumuzika.” Alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Nilimtazama mikono.

Lakini betri ni nzito. Trisikle iliyokuwa inateremka sasa ilikuwa inakimbia. Kamba ilianza kumchoma viganja. Asubuhi moja, njia ikiwa imelowa, aliteleza, akaanguka kwa makalio, akaburutwa hadi karibu na kona. Hakuachia. Tulisimama kwenye rundo la mchanga wa watu waliokuwa wanajenga. Nilipomwona suruali imechanika na damu kiganjani, nikasema basi, tunaweka breki za kisasa, za kushika zenyewe. Kwa ajili yetu wote wawili. Yeye alijipangusa mchanga.

Fundi niliyempelekea ni wa pikipiki, ana kibanda cha mabati karibu na soko. Alitabasamu kabla hajaiangalia kazi. Machale yakanicheza pale pale.

Kila mtu hapa anajua unavyochezewa na mafundi: unaleta kitu kizima, unarudishiwa kimevaa vyuma vya marehemu. Kwa hiyo usiku wa kuamkia siku hiyo nilichukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikaweka tone kwenye kila kitu nilichoweza kufikia: moteri, betri, mnyororo, hata boliti za kiti. Fundi alipoinama akayaona yale matone.

“Maman, hii rangi ni ya nini?”

“Ni ya kujua yangu.”

“Unaniona mwizi?”

“Sijakuona bado. Njo maana naangalia.”

Akacheka, nikatandika mkeka wangu pale pale mlangoni, nikakaa kutwa nzima. Nilikula pale. Alipokwenda msalani nilimwambia aache bisibisi. Madereva wa pikipiki waliokuwa wanapiga soga wakaanza kuniita komanda, nikawaacha waniite.

Kazi yenyewe, lazima niseme, aliifanya vizuri. Aliweka diski mbili, yaani sahani mbili nyembamba za chuma, moja kwa kila gurudumu la nyuma. Kila diski inapita katikati ya kibano chenye vipande viwili vigumu, wao wanaviita plaketi. Ukivuta mkono mmoja tu wa breki, plaketi zinaibana diski pande zote mbili kulia na kushoto, na wakati huo huo umeme wa moteri unakatika. Nilimfanya anieleze mpaka akachoka, kisha nikamwambia anieleze tena nione kama maneno yatabadilika. Hayakubadilika.

Jioni tulijaribu kwenye mteremko wa soko. Nikaachia, trisikle ikachukua mwendo, nikavuta. Ilisimama ghafla hata nikataka kuruka kutoka kwenye kiti. Madereva wakapiga makofi. Mume wangu alikuwa amesimama kando, kamba yake begani kama kawaida. Fundi akamwambia, “Papa, ile kamba sasa ufungie mbuzi!”

Wote walicheka. Mume wangu naye alicheka. Mdomo wake ulicheka, na mikono yake ikawa inaikunja ile kamba, inaikunja, hata ilipokwisha kukunjwa.

Zikafuata asubuhi nzuri kupita zote nilizowahi kuwa nazo. Nilishuka peke yangu. Nilijua ni wapi nitapunguza na ni wapi nitasimama, na sikuhitaji kumwambia mtu. Nilikuwa naimba nyimbo za kanisani kwa sauti, watu wananitazama. Ufukweni nilifika kabla ya wanawake wengine, nikachagua sambaza zinazong'aa bado. Niliporudi nyumbani mchana nilimkuta mume wangu ameketi kwenye ngazi ya mlango, amevaa viatu vyake vya tairi. Aliendelea kuamka alfajiri kwa mazoea. Alikwenda bandarini kutafuta mizigo, lakini pale sasa kuna vijana wenye mikokoteni, na wenye mali hawampi gunia mtu mwenye mvi. Jumamosi aliosha trisikle. Hiyo ilikuwa kazi yake tangu zamani na sikumnyima.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Mvua ya Bukavu haina huruma na chuma. Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri wenye pikipiki na baiskeli huosha vyombo vyao, halafu huvipangusa kwa tambara lililoloweshwa vidanji, yale mafuta meusi yaliyotolewa kwenye injini. Kutu haishiki, na Jumapili chombo kinang'aa mbele ya kanisa. Mume wangu alikuwa fundi wa kung'arisha. Hakuacha boliti.

Jumatatu moja, mvua ikiwa imenyesha, aliniambia, “Leo nitakusindikiza. Njia inateleza.” Akafunga kamba. Nilicheka kidogo, nikamwacha. Tulipokaribia kona nilivuta breki, na mkono ukaja wote hadi kwenye usukani, lakini trisikle haikusikia. Ilikuwa inaongeza mwendo. Lori lilikuwa linapanda. Nilipiga kelele ambayo sikuwa nimeipiga kwa wiki nyingi: “Shika!”

“Nimeshika!”

Kamba ikakaza. Tulisimama karibu sana na lile lori, hata nikahisi joto la injini yake usoni.

Sikwenda ufukweni siku hiyo. Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi na nikamwaga yote niliyokuwa nayo, mbele ya watu. Nilimwambia ameniwekea plaketi za kadibodi, kwamba alijua nitarudi ili nimlipe tena. Aliniacha nimalize. Kisha akafungua gurudumu, akapitisha kidole kwenye diski, akakinusa. Tabasamu likafutika.

“Nani alipaka mafuta hapa?”

“Ni miye,” mume wangu akasema. “Ilianza kushika kutu. Nilipaka vidanji, sawa vile napakaka kila siku ya posho.” Kwetu siku ya posho ni Jumamosi.

Fundi akashika kichwa. Akatueleza sote wawili, polepole: kitu chochote kingine kwenye trisikle kipakwe mafuta, diski hapana. Diski inashika kwa kusuguana. Ukiipaka mafuta, plaketi zinateleza, ni kama huna breki kabisa. Ile kutu ya usiku mmoja inaondoka yenyewe ukivuta mara mbili. Akaziosha diski kwa sabuni na petroli, akazisugua plaketi kwa msasa. Madereva wa pikipiki wakamcheka mume wangu, nami nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimepata nafuu. Tulipofika nyumbani nilichukua chupa ya vidanji nikaitupa kwenye shimo la takataka kwa mkono wangu mwenyewe.

Tangu hapo nikaanza kujaribu breki langoni kabla sijaingia barabarani. Wiki zikapita, hakuna neno. Halafu asubuhi moja nikajaribu langoni, na gurudumu likaendelea kuzunguka.

Nilitulia. Sikupiga kelele. Nyuma yangu nikasikia sauti yake, karibu kuliko nilivyotegemea. “Iko nini? Twende tu. Niko na kamba.”

Na kweli alikuwa nayo, imeshafungwa. Hakukuwa na mvua siku hiyo. Hakuwa ameniambia kwamba atanisindikiza.

Tulishuka. Kwenye kona nilipiga kelele “Shika,” akajibu “Nimeshika,” na sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao sikuusikia siku nyingi. Ufukweni nilimtuma akaniangalie bei za mitumbwi ya mbali. Alipoondoka nikapitisha kidole kwenye diski ya kushoto, nikanusa kama fundi alivyofanya. Hayakuwa vidanji. Yalikuwa mawese. Kidole changu kilikuwa na wekundu ule ninaoujua, wa sufuria ya maharagwe.

Sasa hebu nieleweke. Nilitaka sana iwe kazi ya mtu mwingine. Nilimfikiria mwanamke anayeuza sambaza kando yangu sokoni, ambaye hajawahi kunipenda. Nilimfikiria fundi tena, na tabasamu lake. Lakini lango letu hufungwa kwa kufuli usiku, na ndani ya ua tunalala wawili tu. Niliporudi nilikwenda jikoni nikaangalia chupa yangu ya mawese. Ilikuwa imepungua, na mimi juzi na jana nilipika kwa mafuta meupe.

Nilipompelekea fundi trisikle, peke yangu, kwa mwendo wa konokono na njia ya mzunguko isiyo na mteremko mkali, alinusa, akaniangalia muda mrefu.

“Maman,” akasema kwa sauti ya chini, “ni nani anakuchukia?”

Neno hilo nililibeba hadi nyumbani na sikuweza kulitua. Nilikula meza moja na mume wangu, nikayasikia maneno ya dada yangu kama yanasemwa tena: atafuata nini kwako? Moteri ni mali. Betri ni mali. Nafasi yangu sokoni ni mali. Nilimtazama anavyotafuna. Nilimtazama anavyonisogezea maji ya kunawa, na nikajiuliza kama mtu anaweza kukusogezea maji na huku anangoja ufe. Nadhani inawezekana. Nilimwogopa mume wangu, mtu ambaye nimelala ubavuni mwake zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nililala nimeupa ukuta mgongo, uso kwake.

Nikamtegea. Jioni moja nikasema, kama mtu anayejisemea, “Kesho nitashuka mapema. Weye ulale tu, usisumbuke.”

“Sawa,” akasema.

Alfajiri, kulipoanza kupambazuka, nilihisi godoro likiinuka. Nilingoja. Nikajivuta kwa mikono hadi dirishani, nikainua ncha ya pazia. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya trisikle na tambara mkononi. Hakuwa na haraka. Aliipaka diski ya kulia, akaenda kushoto, akaipaka na hiyo, taratibu, kwa ule uangalifu wake wa Jumamosi. Akaificha chupa nyuma ya ndoo. Nikafikiri: sasa atarudi kulala. Sasa ataniacha nishuke peke yangu, kama nilivyomwambia.

Hakurudi kulala. Alikwenda akaitoa kamba kwenye msumari wake, akaifunga kwenye ekseli, akaivuta mara kadhaa kuona kama fundo limeshika. Akavaa viatu vyake vya tairi. Kisha akaketi kwenye ngazi, ncha ya kamba imezungushwa kiganjani, akaelekeza macho mlangoni, akaningoja niamke.

Nilijivika, nikatoka. Alisimama kunisaidia kupanda kitini. Nikamzuia.

“Leo upande weye,” nikamwambia.

“Mimi? Kwenda wapi?”

“Ushuke weye. Mpaka ku kona. Nataka nione.”

Akacheka kidogo. Alipoona sicheki, akaacha. “Hapana, mama.”

“Juu ya nini?” nikamwuliza sababu.

Akaangalia trisikle, akaangalia lango, na ng'ambo ya lango njia inavyoanguka.

“Panda,” nikasema. “Juu ya nini unakataa?”

“Haiko na freni.”

Alilisema kabla hajajizuia. Sote wawili tulilisikia. Akakaa chini, palepale kwenye udongo, na nyuso zetu zikawa kimo kimoja.

“Ulitaka nikufe?”

“Hapana!” Alishtuka kweli, nilimwona. “Napakaka tu siku yenye nitashuka na weye. Siku siko, sipake. Ata siku moja.”

“Na kamba ingekatika? Ungeteleza, sawa vile uliteleza ile siku?”

“Sikuachilia.”

“Nakuuliza kama ungeachilia!”

“Sijawahi kuachilia,” akasema, na machozi yakamtoka, mtu huyu ambaye sikumwona akilia hata alipomzika mama yake. “Batu ya kule chini bananiuliza, papa ya kamba, uko wapi siku hizi? Nitajibu nini? Na weye, tangu hii freni ikuye, hauniitaka tena. Unafika ku kona, unavuta kitu yako, unapita. Unaimba. Mi nasikiaka unaimba mpaka chini.” Akajifuta pua kwa mgongo wa kiganja. “Nilitaka tu uniite.”

Ningependa kuandika kwamba moyo wangu uliyeyuka. Haukuyeyuka. Damu ilinichemka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia kwamba kifo changu amekifanya mchezo ili asikie akiitwa. Nilimwuliza kuhusu ile mara ya kwanza, ile ya vidanji, mbele ya lori. Aliapa kwamba ile ilikuwa kutojua. Nilimwambia sijui kama naamini, na hadi leo, nikiwa mkweli, kuna siku naamini na kuna siku siamini. Alisikiliza yote pale chini bila kujitetea. Kisha akainuka, akaleta beseni, sabuni na petroli, akaziosha diski mbele ya macho yangu. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Siku hiyo nilishuka peke yangu. Sikuimba.

Dada yangu, kama ningemwambia, angesema nimfukuze mume wangu. Sikumwambia, na sikumfukuza. Nilimfikiria sana, ameketi kwenye ngazi na kamba imezungushwa kiganjani, na sikuweza kulitenganisha lile tambara na ile kamba. Mkono ulioshika kimoja ndio ulioshika kingine. Nilikuwa na hasira naye na nilimhurumia, vyote kwa pamoja, na kimoja hakikupunguza kingine. Baada ya muda nikamwambia awe ananitangulia kwa miguu hadi ufukweni, aniwekee nafasi kwenye mitumbwi, kwa sababu wavuvi wanamheshimu. Anafanya hivyo. Ananichagulia sambaza vizuri, ingawa mimi huzichagua upya.

Lakini kila asubuhi kabla hajaondoka, kuna kazi moja. Ninajivuta hadi kwenye gurudumu la kulia, napitisha kidole kwenye diski, nanusa. Naenda kushoto, napitisha, nanusa. Nafanya mbele yake, kwa makusudi, na sijifichi. Yeye husimama kando, kofia mkononi, akingoja nimalize. Hajawahi kusema imetosha. Hajawahi kununa. Nikimaliza namwambia, “Uende,” naye anavaa kofia yake na kuondoka.

Mwezi uliopita binti yetu alipiga simu alfajiri kutoka Uvira, mtoto wake mgonjwa, nikachanganyikiwa. Tulizungumza nikiwa tayari kitini, nikakata simu, nikawasha moteri, nikasukuma lango. Magurudumu yote matatu yalikuwa yameshaingia barabarani niliposikia viatu vyake vinakuja mbio.

“Mama! Simama!”

Nilivuta breki. Zilishika. Nikageuka, nikamwona ametanua mikono, uso umemsawijika, anahema kwa mbio za hatua chache.

“Haujanusa,” akasema.

“Nimechelewa. Acha leo.”

“Hapana.” Akaja akasimama mbele ya gurudumu la mbele, akalishika kwa mikono miwili. “Unuse kwanza. Nakuomba. Mi mwenyewe sitaki ushuke bila kunusa.”

Nikashuka kitini, hadi chini kwenye udongo, nikanusa kulia, nikanusa kushoto. Hakuachia lile gurudumu mpaka nilipomaliza.